Ndugu Yako Yuko Gereza la Jimbo Marekani: Jinsi ya Kumtafuta, Kumtembelea na Kumshika Mkono

Binamu yangu alipohukumiwa, tulikaa siku kumi na moja bila kujua yuko wapi. Jela ya kaunti walisema ameshaondoka. Kaenda wapi? "Jimbo limemchukua." Basi. Shangazi akawa anapiga simu kutoka nyumbani kila alfajiri kuuliza kama mwanawe yu hai, nami nimekaa mbele ya kompyuta naandika jina lake kwa kila namna ninayoijua, tovuti inanijibu hakuna mtu kama huyo. Kumbe alikuwemo humo siku zote. Karani alilichukua jina la babu akaliweka mwanzo, jina lake mwenyewe likaenda katikati, na herufi moja ikadondoka njiani.

Tangu hapo nimezisaidia familia kadhaa zinazozungumza Kiswahili, za Wakenya, Watanzania na Wakongo, na makosa ninayoyaona ni yale yale. Nayaandika hapa kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi usiku ule wa kwanza.

Hatua ya kwanza: jua ni serikali ipi iliyomshika

Marekani hakuna idara moja ya magereza kama tulivyozoea kwetu. Kuna jela za kaunti, wanamowekwa mahabusu wanaosubiri kesi na watu wa vifungo vifupi, kwa kawaida visivyozidi mwaka. Kuna magereza ya jimbo, ya waliovunja sheria za jimbo na kupewa vifungo virefu zaidi. Kuna magereza ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, yaliyo chini ya idara iitwayo BOP. Halafu kuna vizuizi vya uhamiaji vinavyoendeshwa na ICE, idara ya serikali kuu inayokamata na kuwarudisha wageni makwao. Kila mmoja ana orodha yake, na wa huku haonekani kwenye orodha ya kule. Mtu anaweza kutafuta wiki nzima kwenye tovuti ya BOP wakati ndugu yake yuko gereza la jimbo, umbali wa saa mbili tu.

Majimbo ni 50, na kila jimbo lina idara yake yenye jina lake. Texas wanaiita TDCJ, California ni CDCR, New York ni DOCCS. Katika majimbo machache kama Connecticut, Delaware, Rhode Island na Vermont, mahabusu na wafungwa wako chini ya idara moja, kwa hiyo huko utatafuta mahali pamoja tu.

Kama hujui kabisa, anza na mahakama iliyomhukumu. Pigia ofisi ya karani wa mahakama ya kaunti ile, uliza namba ya kesi na hukumu iliyotolewa. Kwa kawaida hukumu ya mtu mzima ni jambo la wazi Marekani, hawakunyimi. Ukishaijua hukumu, umejua yuko chini ya nani.

Hatua ya pili: ipate namba yake

Idara za majimbo zina ukurasa wa kumtafuta mfungwa, na ni bure. Ukikutana na tovuti inayokudai kadi ya benki kabla ya kukuonyesha jina, toka haraka, hiyo si ya serikali.

Sasa majina yetu. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mfumo wa Marekani unataka jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu, na yote matatu yanaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote. Mohamed huandikwa Mohammed, Muhammad, Mohamad. Ukiandika jina kamili kwa usahihi unaweza kukosa, kwa sababu aliyeliandika huko ndani hakuliandika kwa usahihi. Fanya hivi: andika jina moja tu, au herufi tatu nne za mwanzo, halafu uchuje kwa umri. Kisha geuza, weka jina la babu mahali pa jina la kwanza. Jaribu na jina lililo kwenye karatasi za mahakama hata kama unajua limekosewa, maana ndilo linalomfuata mpaka gerezani.

Kwa waliokuja kama wakimbizi kuna jambo la tarehe ya kuzaliwa pia. Watu wengi waliopitia kambini wameandikiwa tarehe 1 Januari. Mama akikuambia mwanangu kazaliwa mwezi wa Ramadhani, mwamini mama, lakini kwenye fomu jaza Januari 1 kama ndivyo makaratasi yake yanavyosema.

Tovuti ya jimbo ikigoma, jaribu VINELink. Huduma ya VINE ilianzishwa Kentucky mwaka 1994 ili watu waliodhuriwa wajulishwe aliyewadhuru anapoachiwa, lakini familia pia inaweza kuitumia kujua mtu yuko wapi na kupata ujumbe hali yake ikibadilika. Ni bure, ingawa haijakusanya kila jimbo.

Ukimpata, andika namba yake mahali ambapo haitapotea. Barua isiyo na namba hukwama njiani. Pesa zilizotumwa kwa namba iliyokosewa zinaweza kuingia kwa mtu mwingine. Kwingine namba yenyewe ina habari ndani yake: ile ya New York huanza na mwaka alioingia, ikifuatwa na herufi ya kituo alichopokelewa. Mimi namba ya binamu yangu naijua kuliko ya simu yangu, na shangazi ameiandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari analoandikia madeni ya duka lake.

Wiki za mwanzo

Kutoka jela ya kaunti hapelekwi moja kwa moja kwenye gereza atakakotumikia kifungo. Kwanza anapelekwa kituo cha mapokezi, ambako anapimwa afya, anahojiwa, na kupangiwa daraja la ulinzi. Kwa mfano, wanaume wa Minnesota hupitia gereza la St. Cloud, na wanawake huenda Shakopee. Hatua hii huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na katika siku hizo simu ni chache na kutembelewa huenda kusiruhusiwe kabisa. Ukimya huo huzitesa sana familia. Wewe andika barua tu. Mweleze kwamba mmeshampata, mnajua aliko, na mtamfuata popote atakapohamishiwa. Barua hiyo ya kwanza, hata iwe ya mistari mitano, binamu yangu aliitunza mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Na usifunge safari yoyote bila kuangalia tovuti asubuhi ile ile. Wafungwa huhamishwa bila familia kuarifiwa.

Kumtembelea

Kwanza kuidhinishwa. Majimbo mengi hayakuruhusu kufika langoni na kusema nimekuja kumwona ndugu yangu. Mfungwa ndiye anayeanza: anaandika jina lako kwenye orodha yake, nawe unajaza fomu, kisha wanakuchunguza. California fomu inaitwa CDCR 106, anakutumia yeye mwenyewe ikiwa na sahihi yake. Texas mfungwa ana nafasi ya watu kumi kwenye orodha, kwa hiyo familia kubwa lazima ikae ichague. Uchunguzi unaweza kuchukua mwezi na zaidi. Jaza kila kitu kwa ukweli. Kama uliwahi kukamatwa miaka kumi iliyopita ukaachiwa, na fomu inauliza, liandike. Nimeona watu wakikataliwa kwa kuficha jambo dogo ambalo pengine wangesamehewa.

Makaratasi yako ya uhamiaji yakiwa hayajakaa sawa, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu ya serikali inayouliza habari zako. Katika hili usitegemee maneno ya watu msikitini wala kanisani, hata wakiwa na nia njema. Waende ndugu wenye uraia, nawe uandike barua.

Mtoto huhitaji cheti cha kuzaliwa, na asipokuja na mzazi wake au mlezi wa kisheria, mara nyingi huhitaji pia barua ya ridhaa iliyopigwa muhuri wa mthibitishaji (notary). Iandae mapema.

Sasa mavazi. Nilimsindikiza mama mmoja, tumeendesha saa tano, tumefika saa mbili asubuhi, akarudishwa mlangoni kwa sababu ya rangi ya suruali yake. Ilikuwa inafanana na sare ya wafungwa. Alilia pale kwenye maegesho mpaka nikakosa la kusema. California, kwa mfano, hawataki jinzi ya buluu wala nguo za mabaka ya kijeshi, na kwingine zinakatazwa rangi nyingine kabisa. Soma kanuni za gereza lile lile unalokwenda. Nguo isibane, isionyeshe mabega wala mapaja, isiwe na kofia ya kuvuta kichwani. Usivae kandambili. Na kina mama, sidiria yenye waya hulia kwenye mashine ya kukagua vyuma, na ukianza kueleza pale mlangoni umeshachelewa. Vaa isiyo na waya. Hijabu kwa kawaida inakubalika, ila unaweza kuombwa uifunue kwa ukaguzi. Omba uifunue mbele ya askari wa kike, mahali pa faragha. Liseme mapema, kwa upole, kabla ya kufika kwenye mashine.

Siku hizi kwenye buti la gari langu kuna mfuko wa nguo za akiba: sketi ndefu nyeusi, shati la kijivu, viatu vya kufunika. Zimeshawaokoa watu watatu.

Beba kitambulisho chenye picha ambacho muda wake haujaisha. Pasipoti ya nchi yako kwa kawaida inafaa. Simu na pochi unaviacha kwenye gari au kabatini. Magereza mengi huruhusu kiasi kidogo cha fedha, au kadi maalumu, kwa ajili ya mashine za kuuza vyakula kwenye ukumbi wa kuonana. Usiidharau mashine hiyo. Mara nyingi mfungwa haruhusiwi kuigusa, kwa hiyo wewe ndiye utakayesimama, umuulize anataka nini, umletee na umfungulie. Binamu yangu mara ya kwanza alichagua mabawa ya kuku ya kupasha moto na juisi. Alikula polepole sana, akaninyooshea bawa moja: "Kula bwana, usinile kwa macho." Ilikuwa miezi minane sijamsikia akinitania.

Ukikaa naye, usimhoji kuhusu kesi. Ukumbi una masikio, na yeye kesi imemchosha. Mwambie nani kaoa, nani kajifungua, mvua imenyesha au bado, timu imefungwa ngapi. Kumkumbatia kwa kawaida huruhusiwa mwanzo na mwisho. Ujue pia kwamba akitoka ukumbini mara nyingi anakaguliwa kwa kuvuliwa nguo zote. Wanalijua hilo kabla hujafika, na bado wanataka uje.

Kama uko mbali, uliza kuhusu kuonana kwa video, majimbo mengi wanayo.

Idara ya magereza ya Minnesota iliwafuatilia wafungwa 16,420 walioachiwa kati ya mwaka 2003 na 2007, na ripoti yake ya 2011 ikaonyesha kwamba kutembelewa kulipunguza kwa asilimia 13 uwezekano wa mtu kuhukumiwa tena kwa kosa kubwa. Takwimu hiyo nawatajia ndugu wanaponiambia mafuta ya gari ni ghali.

Simu

Huwezi kumpigia. Yeye ndiye anayepiga, kwa dakika kama 15 au 20, na mazungumzo yanarekodiwa. Utafungua akaunti kwenye kampuni inayohudumia gereza hilo, mara nyingi Securus au ViaPath, ambayo zamani iliitwa GTL. Connecticut, California, Minnesota na Massachusetts wamepitisha sheria za kuwapa wafungwa simu bure, kwa hiyo huko usiweke pesa kabla hujauliza.

Zamani gharama zilikuwa za kuumiza zaidi. Kati ya waliozipigania mapema ni bibi mmoja wa Washington, Martha Wright, muuguzi mstaafu aliyekuwa haoni, ambaye mwaka 2000 alikwenda mahakamani kwa sababu simu za kuzungumza na mjukuu wake gerezani zilikuwa zikimmaliza. Alifariki kabla ya kuiona sheria yenye jina lake, iliyotiwa sahihi Januari 2023. Bibi kama huyo angekuwa wa kwetu tungemtungia utenzi.

Na hapa kuna mtego mkubwa kwa familia zetu. Ndugu anapiga, wewe uko Minneapolis au Dallas, mama yuko Mombasa au Kigoma, unaona ni jambo jema kuwaunganisha: huku mfungwa, huku mama, wewe katikati. Usifanye hivyo. Kuunganisha mtu wa tatu kunakatazwa karibu kila gereza, mitambo hugundua, laini hukatwa, na anayeadhibiwa ni yeye. Anaweza kupoteza haki ya simu kwa wiki au miezi. Kijana mmoja ninayemjua alipoteza simu kwa ajili ya salamu za Idi. Uliza gereza kama linaruhusu simu za nje ya nchi. Kama haliruhusu, mwambie mama aseme ujumbe, uandike neno kwa neno, umsomee mwanawe akipiga. Si sawa na sauti yake, najua. Lakini ukimsomea kwa maneno yenyewe, pamoja na zile dua na kukohoa katikati, atamsikia.

Barua, picha na vitabu

Barua bado ndiyo msaada wa bei nafuu kuliko wote, na ndiyo inayodumu, maana simu ikikatwa imekwisha. Andika jina lake kama lilivyo kwenye orodha, namba yake, na anwani ambayo idara imetoa kwa ajili ya barua. Hiyo anwani huenda isiwe ya gereza. Pennsylvania tangu 2018 barua za kawaida hupelekwa kwa kampuni iliyoko Florida, zinapigwa picha kwa mashine (scan), na mfungwa anapewa nakala. Texas nao hupiga barua picha hivyo hivyo. Kwa hiyo usiweke ndani kitu ambacho kupotea kwake kutakuuma. Usinyunyize manukato, usibandike vibandiko, usitumie karatasi yenye madoa. Barua za wakili zina utaratibu wake, usizichanganye.

Barua ya Kiswahili inaweza kuchelewa, kwa sababu kuna magereza yanayotaka kujua imesema nini kabla ya kuipitisha. Mimi huandika ya Kiswahili na pamoja nayo ya Kiingereza fupi siku hiyo hiyo, katika bahasha mbili, ili moja iwahi. Methali na mafumbo yapunguze. Neno la utani kama "ukitoka tutamchinja" linaweza kuleta maelezo marefu kabla halijajulikana kuwa mnamzungumzia mbuzi.

Vitabu kwa kawaida vinatakiwa vipya, vya jalada laini, vitoke moja kwa moja kwa mchapishaji au muuzaji. Usitume kutoka nyumbani.

Pesa

Chakula cha gerezani hakitoshi mtu akashiba na nafsi yake ikatulia. Sabuni nzuri, dawa ya meno, tambi, stempu, vyote vinatoka duka la gereza, na Texas na Georgia wafungwa wengi hufanya kazi bila malipo yoyote. Pesa hutumwa kupitia kampuni kama JPay, ambayo hukata ada kila mara, au kwa hundi ya posta (money order) inayotumwa kwa anwani maalumu, ambayo huchelewa lakini ada yake mara nyingi ni ndogo. Kama mahakama iliamuru alipe fidia, sehemu ya kila unachotuma inaweza kukatwa. California makato hayo yanaweza kufika nusu. Jua hilo kabla hujamlaumu kwamba anamaliza pesa ovyo.

Sisi tunajua kuchanga. Mwezi wa kwanza kikundi cha WhatsApp kinajaa, kila mtu ametoa, zinapatikana dola mia tano. Mwezi wa nne hakuna hata anayeuliza. Mimi nasema dola thelathini kila mwezi kwa miaka mitatu ni bora mara kumi kuliko mia tano za siku moja. Wekeni zamu: Januari ni ya fulani, Februari ni ya fulani. Na zamu hiyo hiyo iwe ya barua.

Akikuomba umtumie pesa mfungwa mwingine, au mtu usiyemjua huko nje, simama. Mara nyingi ni deni au anatishwa. Usimgombeze, muulize kwa upole mtakapoonana ana kwa ana. Na mtu yeyote akikupigia akisema ni askari au wakili, atamtoa mapema ukimtumia fedha kwa simu au kwa kadi za zawadi, huyo ni tapeli.

Afya, ibada na malalamiko

Mwambie atie sahihi ruhusa ya wewe kupewa habari za matibabu yake. Bila karatasi hiyo hawatakuambia chochote, hata akiwa amelazwa. Kama ana kisukari, presha au selimundu, andikia kitengo cha afya cha gereza siku za mwanzo kabisa, taja jina, namba, ugonjwa, dawa na kipimo, na uombe daktari wake wa zamani atume rekodi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tangu 1976, katika kesi ya Estelle dhidi ya Gamble, kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni kuvunja katiba.

Kuhusu dini, kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 inayomlinda mfungwa katika ibada yake. Mwaka 2015 Mwislamu mmoja aliyefungwa Arkansas alishinda Mahakama ya Juu akaruhusiwa kufuga ndevu za nusu inchi. Chakula kisicho na nguruwe na futari ya Ramadhani huombwa kwa maandishi kupitia kiongozi wa dini wa gereza, wiki nyingi kabla.

Akionewa, lazima apeleke malalamiko kwa fomu ya gereza lenyewe kwanza, kwa sababu sheria ya shirikisho ya 1996 inamfungia mlango wa mahakama asipomaliza ngazi zote za ndani. Muda ni mfupi. Texas ni siku 15 tangu jambo litokee. Wewe kazi yako ni kumkumbusha tarehe na kutunza nakala.

Uhamiaji: hili usilingoje

Kama si raia wa Marekani, hata mwenye kadi ya kijani, kifungo cha jimbo kinaweza kufuatiwa na ICE. ICE hupeleka gerezani hati ya kuzuia (detainer), na siku anayomaliza kifungo, badala ya kutoka langoni anakabidhiwa kwao. Nimeona familia ikisubiri nje na maua, naye ameshapitishwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza, muulize yeye na ofisi ya gereza kama kuna hati hiyo. Tafuta wakili wa uhamiaji, maana wa kesi ya jinai si lazima ajue mambo hayo, na katika mahakama ya uhamiaji serikali kwa kawaida haikupi wakili wa bure. Kama alikiri kosa bila wakili wake kumweleza kwamba kukiri kutamfukuzisha nchini, mweleze hilo wakili mpya. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kumshauri mteja kuhusu hatari hiyo. Mwambie ndugu yako asitie sahihi karatasi yoyote ya uhamiaji asiyoielewa. Akishachukuliwa, kwenye tovuti ya ICE ya kutafutia watu unaweza kutumia jina, lakini kwa majina yetu njia ya uhakika zaidi ni namba yake ya uhamiaji, ile inayoanzia na herufi A, pamoja na nchi aliyozaliwa. Namba hiyo iandike sasa hivi, chini ya namba ya gereza.

Ubalozi nao upo. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyefungwa haki ya ubalozi wake kujulishwa, na kwa Mtanzania Marekani inapaswa kuujulisha hata asipoomba. Ubalozi hautamtoa, lakini unaweza kumtembelea na kusaidia nyaraka. Ila kama alikimbia serikali ya nchi yake na kuomba hifadhi, usiwasiliane na ubalozi kabla ya kumuuliza wakili.

Siku ya kutoka

Anza mwaka mmoja kabla. Kama anatoka kwa paroli, yaani anaachiwa kabla kifungo hakijaisha akiwa chini ya uangalizi, lazima awe na anwani iliyokubaliwa, na afisa anaweza kuja kuikagua nyumba. Zungumza na mwenye nyumba mapema. Ulizia kitambulisho cha jimbo na nakala ya kadi ya usalama wa jamii (Social Security), kwani magereza mengi husaidia kuvipata kabla hajatoka.

Hakikisha tarehe mara mbili, kwa simu na kwa tovuti, na uulize saa na lango. Peleka nguo zake mwenyewe. Muulize saizi upya, kwa sababu amenenepa au amekonda, na usisahau viatu. Njiani usimpeleke moja kwa moja kwenye nyumba iliyojaa watu wanaomsubiri na pilau. Simameni mahali penye choo safi na miti, akae kidogo. Binamu yangu alisimama mbele ya mlango wa mkahawa kwa muda mrefu, nikadhani ameona kitu. Alikuwa anasubiri mtu amfungulie.